Kifungo cha Koti na Vizibo vya Soda

Mwanangu Idi,

Usishtuke ukikuta bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti lako jipya. Nimeitia mimi. Najua utasema, mama huyu, tumelala nyumba moja siku zote, ameshindwa nini kuniambia kwa mdomo? Nimeshindwa, baba. Tangu juzi kila nikifungua mdomo inatoka habari ya soksi. Sasa hivi umekwenda Mchikichini kuwaaga wenzio, jua bado lipo, masufuria nimeshaosha, nimekaa barazani kwenye meza yangu ya chai na kalamu ya kuazima. Mwenyekiti wetu wa nyumba kumi amenipa kwa sharti kwamba nimrudishie ikiwa hai.

Habari ya kuchemsha maji, ya kutokula vya njiani, ya kushika begi kila treni ikisimama, sitaigusa. Shangazi yako ameshakuimbia mpaka majirani wameikariri. Mimi nina jambo moja na ni chungu, kwa hiyo bora nilitoe mapema kama jino. Ile siku uliyotangaza mpira redioni kwa mara ya kwanza, zile dakika kumi ulizopewa za kujaribiwa, uliporudi ukaniuliza, nikakujibu, "Vizuri sana, mwanangu." Haikuwa vizuri. Nilisikia kichefuchefu.

Basi, limetoka. Fungua dirisha la behewa upate hewa, halafu uendelee kusoma.

Ningeweza kunyamaza. Mtaa mzima ulikushangilia, mimi ni nani, muuza maandazi, nisiyejua hata mlango wa uwanja wa mpira uko upande gani? Lakini Jumapili ijayo huko Mwanza, timu ya Mwamba ikicheza na wenyeji, hupewi dakika kumi. Umepewa kipindi cha pili kizima, nchi nzima inakusikiliza, na ukikitangaza kama ulivyotangaza siku ile utapigiwa makofi, utapewa kingine, na kingine, na baada ya miaka miwili sauti yako haitakuwa na dawa. Itakuwa imeshaoza na watu wanaila hivyo hivyo. Nimeona sauti ikioza, Idi. Nimeisikia hapa hapa barazani, na ilimdhuru mtu. Ndiyo ninayotaka kukueleza.

Wewe unavikumbuka vizibo, maana ulikuwa unavilamba, lakini ulikuwa mdogo, hujui vilifanya kazi gani.

Meza hii ninayoandikia ndiyo ile. Enzi hizo sukari haijawa ya foleni, na soda mtu aliipata bila kujuana na mtu dukani. Mimi nilikuwa shabiki wa Tufani mpaka kwenye mifupa. Fundi Kasimu, na cherehani yake hapo hapo pembeni alipo mpaka leo, alikuwa wa Mwamba. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo hata bila mpira tulikuwa watani na matusi ni haki yetu. Lakini uwanjani hatukuwa tunakwenda. Nikienda mimi, nani angekaanga maandazi? Naye siku za mpira ndizo siku ambazo watu wote wa Kariakoo walikumbuka kuwa wana suruali kwa fundi.

Kwa hiyo uwanja tukauleta hapa. Fundi aliuchora mezani kwa chaki yake ya kukatia nguo, mstari wa kati, magoli, kona na kila kitu, mistari imenyooka kuliko ile ya uwanjani, au ndivyo alivyojisifu. Mimi nikaweka vizibo vya soda ya chungwa, yeye akaweka vizibo vya bia alivyookota baa ya kona, maana mimi bia siuzi. Nikamwambia ndiyo sababu timu yake inayumba. Kila kizibo kilikuwa na jina la mchezaji, limeandikwa kwa chaki. Mpira ulikuwa kifungo cha koti, cheusi, cha matundu manne, alichokitoa kwenye kopo lake kwa uchungu kama mtu anayelipa mahari. Na sheria ilikuwa moja tu: hakuna kusogeza kitu mpaka redio iseme.

Na redio ilisema. Aliyesema alikuwa Bwana Faraji Mkwinda.

Sijui nikuelezeje sauti ile. Haikuwa nzuri, kwanza. Ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu aliyetoka kuamka. Lakini ilikuwa inakwambia mambo. "Mpira kwa Hemedi, mkono wa kulia, ameshauvuka mstari wa kati. Anamtazama Juma. Hajampa. Anamtazama tena. Anarudisha nyuma kwa beki." Kifungo kinatoka kulia, kinarudi nyuma, wateja wameinama juu ya meza chai inapoa, mtu akipitisha mkono kuchukua andazi anazomewa kwa kuingia uwanjani. Betri zikianza kufa tulizianika juani kwenye ungo, na siku moja shangazi yako alizianika pamoja na dagaa. Redio ilinuka wiki nzima, lakini ilisema.

Siku moja ya kazi akaja mtu mfupi, koti limepauka, akaagiza chai na maandazi mawili. "Mama, tangawizi kidogo tu, tafadhali. Koo langu ndilo jembe langu."

Birika ikabaki hewani. Fundi Kasimu naye akasimamisha cherehani.

"Wewe ni Bwana Faraji," nikasema.

"Nikikubali, chai nalipa?"

"Ukikubali utalipa na ya kwangu," Fundi akadakia. "Kwa siku ile uliyosema bao letu lilikuwa la kuotea."

"Lilikuwa la kuotea."

"Halikuwa!"

"Fundi, wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Mimi nilikuwa kule."

Watu wakacheka mpaka Fundi mwenyewe akacheka. Tukamwonyesha meza. Bwana Faraji aliinama akavitazama vizibo vile kimoja kimoja, akayasoma majina. Halafu akauliza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. "Nikisema mpira uko pembeni, mnauweka pembeni ipi?"

Tukatazamana. "Yoyote," nikasema. "Tunagombana kidogo, halafu tunakubaliana."

Nilidhani atacheka. Aliweka kikombe chini. "Kumbe miaka yote nawagombanisha," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kuwa nguo yake imechanika nyuma na ametembea nayo tangu asubuhi.

Jumapili iliyofuata, kabla ya jambo lolote, redio ikasema: "Msikilizaji, karibu ukae nami hapa jukwaani. Tufani wanashambulia kuelekea mkono wako wa kulia." Nilipiga kigelegele, Idi. Maandazi yakaungua. Na tangu siku ile hakuwahi kuanza mpira bila kutuketisha.

Alikosea pia, tena sana. Lakini alikuwa anakosea mbele za watu. "Nimesema Hemedi. Si Hemedi, ni Juma. Nisamehe, rudisha." Na mimi narudisha kizibo, na barabara nzima inapiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" Siku nyingine anasema, "Hapo sikuona. Kuna mtu mnene amesimama mbele yangu, nasubiri akae." Tunangoja naye. Fundi anamtukana yule mtu mnene kama vile anamwona. Na wakija wakubwa jukwaani, maana walianza kuja na walikuwa wanapenda kutajwa, Bwana Faraji alikuwa na maneno yake: "Wageni wapo, wameketi. Sisi tuje kwenye mpira."

Nadhani hayo ndiyo yaliyomponza. Sina ushahidi, na kalamu hii si yangu. Ninachojua ni kwamba mwaka mmoja tuliambiwa amepumzishwa, na Jumapili ikaingia sauti nyingine.

Yule sisi tulimwita Bwana Nderemo. Jina lake la kweli nalijua, ila sitaki liingie kwenye barua yangu. Sauti yake ilikuwa nzuri mno, laini, imejaa, kama mafuta. Na mimi najua mafuta. Kuna mafuta ukiyatazama kwenye karai yanang'aa, ukitia andazi linatoka zuri, ukilitia mdomoni unakuta jana yalikaanga papa. "Ndugu wasikilizaji! Hapa uwanjani ni nderemo, vifijo na hoihoi! Umati umefurika! Mgeni rasmi anaingia! Anapunga mkono! Anapunga tena! Amevaa suti nadhifu ya kijivu! Sasa anaketi! Naam, ameketi!"

Mgeni rasmi alikuwa ameketi, na mpira ulikuwa umeanza dakika kadhaa zilizopita. Tulijua kwa sababu tulisikia filimbi nyuma ya sauti yake.

Kifungo kimekaa katikati. Hakiendi. Fundi ananitazama, mimi namtazama. Halafu ghafla, "Anaupata pale, anamzunguka yule, anapiga shuti kali lile!" Nani? Pale wapi? Yule ni yupi? Basi Fundi anasema ni wa kwake, mimi nasema ni wangu, kila mmoja anasogeza kwa moyo wake. Tukawa hatusikilizi tena mpira. Tukawa tunabuni. Nikikumbuka nasikia kinyaa, maana tuliendelea hivyo miezi, watu wazima na akili zetu, tunacheza mpira ambao haupo, kwa kuwa tu redio ilikuwa inapiga kelele na sisi tumezoea kuikalia.

Ndipo ikaja siku ya Tufani na Mwamba.

Fundi alikuwa na mpwa wake, Ramadhani, mtoto wa dada yake, winga wa kushoto wa Mwamba. Wewe unamjua Ramadhani kama yule jamaa anayechechemea, mwenye meza ya vitunguu sokoni. Siku zile alikuwa anakimbia mpaka watu wa Tufani, mimi nikiwamo, tulikuwa tunamwombea homa. Kizibo chake Fundi alikuwa anakifuta kwa shati kabla ya mpira.

Kipindi cha kwanza kinakaribia kwisha, Bwana Nderemo yuko kwenye salamu. Salamu za wafanyakazi wa wapi sijui, salamu za kiwanda cha nini. Nyuma yake tukasikia uwanja mzima umesema "Uuuuh!" Kelele moja nzito. Naye, kwa sauti yake ile ya mafuta: "Sikieni hoihoi hiyo, ndugu wasikilizaji! Wananchi wamefurahi!"

Tukaamini. Kwa nini tusiamini?

Kipindi cha pili kikaanza, Fundi akakiweka kizibo cha Ramadhani pembeni kushoto, mahali pake. Zikapita dakika nyingi, Ramadhani hatajwi. Si kwamba wengine walikuwa wanatajwa sana, lakini Ramadhani hata mara moja. Mimi, mtani wa Fundi, nikaona nimepata pa kumshikia.

"Fundi, mpwa wako leo kala nini? Tangu mapumziko hajagusa mpira."

"Anatunza nguvu. Atakufunga dakika ya mwisho, uende ukalilie baharini, Magogoni."

"Anatunza nguvu! Amelala huyo! Hebu tumsaidie." Nikakichukua kizibo cha Ramadhani nikakilaza chali. Halafu, maana wateja walishaanza kucheka na mimi nikichekewa huwa sijui kukoma, nikaokota kipande cha kitambaa kilichoanguka kwenye cherehani, kitambaa cheupe, nikamfunika mpaka kichwani. "Alale vizuri, mbu wasimsumbue."

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, akanitukania ukoo wangu wote kutoka Kisarawe mpaka baharini, ikawa raha. Utani wetu unaruhusu hata kumkalia maiti, wewe unajua. Na kizibo kikabaki vile, kimefunikwa, mpaka mpira ukaisha.

Jioni watu wakaanza kurudi kutoka uwanjani. Mmoja akapita hapa, akasimama. "Fundi! Upo hapa? Wewe hujapata habari? Ramadhani kapelekwa hospitali tangu kipindi cha kwanza. Mguu. Sisi tuliokuwa jukwaa la mbali tumeusikia ukivunjika."

Fundi aliitazama meza. Akakiondoa kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. Akachukua kizibo cha Ramadhani. Halafu akachukua kifungo, mpira wetu, akakitia mfuko ule ule, akaondoka. Cherehani aliiacha wazi na nguo ya mtu chini ya sindano. Niliifunika mimi.

Nataka ulielewe hili vizuri, mwanangu. Mimi nilimtania mtu juu ya mtoto wake aliyekuwa anapiga kelele za maumivu kwenye kitanda cha hospitali, na sikujua, na yeye alicheka nami, na hakujua. Aliyejua na kuweza kutuambia alikuwa mmoja. Alikuwa amekaa pale juu, ana macho mawili na kipaza sauti, ameona kijana amebebwa, na akatuambia wananchi wamefurahi.

Fundi alirudi kazini baada ya siku kadhaa. Nikamfuata, nikaanza kusema, akanikata. "Hujambo, Mama Idi. Habari za asubuhi."

Hujambo, Mama Idi. Mtani wangu! Mtu aliyekuwa ananiita mla samaki mbichi, mwizi wa nazi, leo ananisalimia kama karani. Na ikawa hivyo kila siku. Hujambo, sijambo, chai moja, asante. Hakunigombeza, hakuninunia. Aliniheshimu, Idi, na mimi nilikuwa natamani anitukane japo kidogo. Vizibo nikavitia kwenye kopo. Meza ikawa ya chai tu.

Bwana Faraji alikuwa bado hai wakati ule, anakaa Mchafukoge, ghorofani, na alipenda kushuka kuja kunywa chai hapa. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mguu upi?"

"Hatujui. Redio haikusema."

"Alikuwa anakimbilia upande gani?"

"Bwana Faraji, redio haikusema."

Chai hakuimaliza, na yeye alikuwa mtu wa kumaliza mpaka majani. Alipokufa, mazishi yake yalijaa watu wasiojuana, kila mmoja anadhani yeye ndiye aliyekuwa akiongeleshwa. Redioni Jumapili ile Bwana Nderemo alimkumbuka kwa nderemo, na mimi nikaizima.

Sasa turudi kwako.

Uliponiambia umepita kwenye usaili na utajaribiwa dakika kumi hewani, nilifanya jambo ambalo sikukwambia. Nililishusha lile kopo. Nikachora uwanja kwa chaki niliyoiokota chini ya cherehani, mistari imepinda kama ya mlevi. Kifungo sikuwa nacho, nikaweka punje ya haragwe. Watu wakajaa. Fundi hakuja mezani, ila nilimwona amesimamisha mguu, gurudumu la cherehani limesimama.

Na wewe ukaanza. Ndugu wasikilizaji. Ukawasalimia wageni. Ukamsalimia mgeni rasmi kwa cheo chake chote, mara mbili. Ukasema uwanja umependeza. Ukanisalimia mimi: "Na mama yangu mzazi, anayenisikiliza pale Kariakoo, shikamoo mama!" Barabara nzima ikapiga makofi, mama mmoja akanikumbatia na ndoo yake. Ukasema nderemo. Ukasema hoihoi. Ukasema, "Anaupata pale, anampasia yule!"

Haragwe halikusogea, Idi. Dakika kumi. Nilikuwa nimeweka kidole juu yake tayari, na kilikaa mpaka kikafa ganzi. Nilikuwa nasikia sauti ya mwanangu, niliyoinyonyesha, na ndani yake kuna yale mafuta ya papa. Nikapiga makofi na wenzangu. Mikono ilikuwa inanuka kwangu mwenyewe.

Halafu ukaja mbio, umelowa jasho. "Mama, umesikia nilivyokutaja?"

"Nimesikia."

"Je?"

Na mimi nikasema vizuri sana. Ulikuwa na furaha mno. Nilikuona kama ulipokuwa na meno mawili.

Usinisalimie Jumapili. Ukinisalimia nitakuitikia marahaba hapa hapa barazani na hutaisikia. Nataka kujua mpira uko wapi. Na pale ambapo hukuona, sema hukuona, tutakungoja, tumezoea kungoja, tumengoja sukari wiki tatu. Wakubwa watakuwepo, na watakaa, na mkuu wako wa kazi huenda akakubana mbavu uwataje. Wataje basi. Ni sentensi moja, nimeshakuandikia hapo juu ilivyokuwa inasemwa. Inaweza kukugharimu, sitakudanganya, ilimgharimu aliyeitunga. Sijui nikupe nini kuhusu hilo. Kuna chai hapa siku zote.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda stesheni kuulizia treni, Fundi Kasimu alileta koti lako mwenyewe, badala ya kumtuma mtu. Akalitundika kwenye msumari, akarudi nyuma hatua, akalitazama.

"Mzaramo wee," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Mtoto wako ana bega moja juu, moja chini, kama mtungi umewekwa kwenye mawe. Nimelikata koti hili mara mbili. Mlikuwa mnamlisha nini, makumbi ya nazi?"

Idi, nilikaa chini. Miaka yote ile! Nilitaka kujibu, na tusi zuri nilikuwa nalo, lakini likanipotea. Nikasema tu, "Makumbi yanawashinda nyie mnaokula panya." Halikuwa na nguvu, lakini alilipokea.

Akatia mkono mfukoni, akaweka kitu mezani, taratibu, katikati. Cheusi, matundu manne.

"Nilitaka kukishona kwenye koti lake," akasema. "Hakikufanana na wenzake."

"Umekiweka siku zote hizi?"

"Jumapili mimi nasogeza Mwamba. Wewe chukua hao wa Mwanza, umezoea kufungwa." Akauchomoa uzi uliobaki begani mwa koti. "Ramadhani naye atakuja. Amesema atakaa."

Nikamwuliza nililokuwa naliogopa. "Na mtoto akitangaza kama siku ile?"

"Kifungo changu kinaijua njia ya mfukoni." Akageuka kwenda kwenye cherehani, halafu akarudi. "Mwambie hivi. Akianguka mtu, aseme kaanguka. Hata kama hajamjua ni nani. Aseme tu, kuna mtu chini."

Na akasema ukipita Tabora, kwao, usitoe kichwa dirishani, watu watadhani Mzaramo anakuja kuposa.

Basi mimi siku moja nitakuwa mtu wa Mwanza, mradi Mwamba wafungwe. Betri nitazianika tangu asubuhi, mbali na dagaa. Mistari atachora Fundi, mimi nimeshazuiwa. Vizibo vimeoshwa. Kifungo kipo katikati ya meza, sijakigusa tangu alipokiweka, nimewanywesha watu chai leo kutwa kwa kukizunguka.

Wewe tuambie tu wanashambulia mkono upi.

Mama yako